Kuufuata Wimbo wa Nyumbani

Mwaka 1934 redio za Marekani ziliacha ghafla kupiga wimbo uliokuwa ukisikika karibu kila jioni nchini kote. Serikali haikuupiga marufuku, wala maneno yake hayakumuudhi mtu. William na Mary Goodwin, mume na mke wa Tempe, Arizona, walikuwa wamekwenda mahakamani kudai kwamba "Home on the Range" ni mali yao. Walikuwa wameusajili mwaka 1905 kwa jina la "An Arizona Home", na sasa walitaka kampuni ya NBC pamoja na wachapishaji wa muziki wawalipe fidia ya dola 500,000. Zama zile za mdororo mkuu wa uchumi, watu wakipanga foleni kugawiwa supu, hakuna aliyekuwa tayari kuhatarisha nusu milioni kwa ajili ya wimbo. Wachapishaji wakamwajiri wakili wa New York, Samuel Moanfeldt, wakamtuma magharibi akatafute ulikotoka.

Nimekua nikiusikia. Kenya ina mashabiki wengi wa muziki wa kantri, na kwetu Bonde la Ufa Jumapili mchana haikupita bila gitaa la Kimarekani kulia redioni. Nyimbo nyingi zilikuwa za mapenzi na machozi. Huu haukuwa na mpenzi wala msaliti. Mtu anaomba tu apewe makao katika nchi ya nyasi na wanyama, na kwa mtoto aliyezaliwa katika boma la wafugaji ombi hilo halikuhitaji maelezo. Kwa hiyo nilipokuja kujua kwamba aliwahi kuwepo mtu aliyelipwa mshahara ili aufuate wimbo huu nyuma, mji hadi mji, hadi kwa aliyeutunga, nilitamani kupita alikopita yeye, na pengine kufika mahali ambapo yeye hakuwa na sababu ya kufika.

Nilianzia San Antonio, Texas, kwa kuwa huko ndiko wimbo ulikotoka midomoni mwa watu ukaingia kitabuni. Mwaka 1908 John Lomax, mwalimu aliyelelewa karibu na njia za ng'ombe za Texas, alikuwa akizunguka na mashine ya Edison ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa kimempa fedha akusanye nyimbo za makauboi kabla waliozijua hawajafa. San Antonio akaelekezwa kwa mwanamume Mweusi mwenye baa ng'ambo ya stesheni ya Southern Pacific, huko kwenye vichaka vya mesquite. Mwenye baa huyo aliwahi kuwa mpishi wa misafara ya ng'ombe. Lomax anasimulia kwamba siku ya kwanza alimkuta amelewa na kuambiwa arudi kesho. Aliporudi, mpishi aliimba mbele ya pembe ya mashine, na mojawapo ya alizoimba ni huu.

Stesheni ingalipo, jengo la mwanzoni mwa karne ya 20 lililojengwa kwa mtindo wa misheni za Kihispania, mashariki mwa katikati ya jiji. Vichaka havipo tena. Pana lami, maegesho ya magari, na barabara kuu inayopita juu kwa kishindo. Nilizunguka huko asubuhi nzima nikisoma vibao vya historia ukutani, nikitafuta walau kimoja kinachomtaja mpishi. Sikukiona. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1947, Lomax mwenyewe anamtambulisha kwa rangi yake na kazi yake, bila jina. Jambo hili liliniuma, na bado linaniuma. Nota zote ambazo dunia imeimba tangu hapo, kuanzia rekodi ya Bing Crosby ya mwaka 1933 hadi watoto wa shule za msingi, zimepitia kooni mwa mtu huyu, lakini msomaji wa kumbukumbu hizo anafunga kitabu bila kumjua.

Mtu wa pili katika mnyororo huo angalau ana jina. Henry Leberman alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya vipofu ya Austin, naye mwenyewe alikuwa kipofu. Lomax alimpelekea silinda, na Leberman akakaa akiisikiliza tena na tena hadi akaitoa sauti nota kwa nota. Lazima mtu aelewe jinsi nta ile ilivyofanya kazi ndipo aone uzito wa kazi yake. Sauti huchongwa kama mfereji mwembamba juu ya nta laini, na kila sindano inapopita ili uisikie, inaukwangua mfereji huohuo. Kusikiliza ni kumaliza. Leberman alikuwa akiipoteza sauti ya mpishi kwa kila mara aliyoirudia, na alichoweza kuokoa ni kile tu sikio lake lilichowahi kukishika. Baadaye silinda ilisagika kabisa, anasema Lomax; kilichobaki ni karatasi ya Leberman. Karatasi hiyo ndiyo iliyoingia katika kitabu cha "Cowboy Songs and Other Frontier Ballads", mwaka 1910.

Kwetu pia tunajua habari za sauti inayotoka kwa mtu mmoja ikaishia kwa wengine ikiwa na sura mpya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alinasa wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakimwimba "Chemirocha", kiumbe nusu mtu nusu swala. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika Kericho. Wasichana walisikia sauti isiyo na mwili ikitoka kwenye sanduku na wakaipatia mwili. Nilimkumbuka Chemirocha mara nyingi katika safari hii, kwa sababu wimbo niliokuwa nikiufuata ulikuwa umefanyiwa jambo hilohilo na watu wengi zaidi.

Swali la Moanfeldt lilikuwa: mpishi aliutoa wapi? Jibu lake linaanzia kwenye kazi yenyewe. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kuisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe tele wasio na mnunuzi, na miji ya kaskazini ilikuwa na njaa ya nyama. Reli ilikuwa imefika Kansas. Kwa hiyo ng'ombe walisukumwa kwa miguu kutoka Texas hadi Abilene, na baadaye hadi Dodge City, safari ya miezi miwili au mitatu, kilomita ishirini hivi kwa siku ili wasikonde. Mpishi alitangulia na gari lake la farasi lenye sanduku la unga, maharagwe na kahawa, na watu wa msafara walimheshimu kuliko walivyosema. Wanahistoria hukadiria kwamba karibu robo ya makauboi wa njia zile walikuwa Weusi, wengi wakiwa wametoka utumwani muda mfupi uliopita. Filamu hazikutuonyesha hao.

Usiku ndio ulikuwa wakati wa nyimbo. Wawili wawili walilizunguka kundi kwa farasi, mmoja kulia mwingine kushoto, wakiimba polepole. Ng'ombe walioshtuka gizani, kwa radi au kwa tawi kuvunjika, huinuka wote kwa mkupuo na kukimbia ovyo, na aliye mbele yao hubaki hapo. Sauti ya mtu anayejulikana iliwatuliza. Yeyote aliyewahi kulala malishoni na mifugo analijua hilo bila kufundishwa. Wimbo uliofaa kazi hiyo ni wenye mwendo wa taratibu, beti nyingi, na kiitikio kinachorudi kama pumzi, na huu una vyote. Basi Mtexas aliyeusikia Kansas aliondoka nao kwao, na mwaka uliofuata akaurudisha ukiwa na ubeti wa ziada. Malisho yenyewe, yaliyoupa wimbo jina lake la leo, waliyaingiza wao.

Kutoka Texas nilipanda kaskazini hadi Dodge City. Leo mji huo unaishi kwa viwanda vya kuchinja ng'ombe na kwa watalii wanaokuja kuona mtaa wa mbao uliojengwa upya kama ulivyokuwa siku za bastola. Moanfeldt alifika akiwa ameshasikiliza madai ya kila aina. Wachimba madini wa Leadville, Colorado, nao walikuwa na wao waliyemtambua kuwa mtunzi. Lakini Dodge City alikuta wazee waliowahi kuwinda nyati na kuchunga ng'ombe katika miaka ya 1870, nao wakala kiapo mbele yake kwamba waliuimba wakati huo, miaka thelathini kabla ya Goodwin kwenda kuusajili. Hati hizo pekee zingetosha kuimaliza kesi. Hata hivyo wakili aliendelea kuuliza, na ninampenda kwa hilo. Akaelekezwa kaunti ya Smith, kaskazini mwa jimbo, mpakani na Nebraska.

Ni mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa gari. Ilikuwa Septemba, na pande zote mbili za barabara palikuwa na mtama. Kansas inaongoza Marekani kwa kulima mtama, ila hawauli. Wanalisha mifugo na kutengenezea mafuta ya ethanoli. Ni mtama mfupi, unaofika kiunoni, wenye vichwa vizito vya rangi ya kutu, na mashamba yake huenda hadi macho yanapochoka. Hakuna aliyekuwa akiwinga ndege. Nilisimamisha gari, nikashika kichwa kimoja, nikakisugua kiganjani na kupuliza makapi kama tulivyofundishwa na mama zetu. Punje ni zilezile.

Smith Center ni mji mdogo wenye barabara pana kupita kiasi. Katika mkahawa wa barabarani mzee mmoja mkulima alivuta kiti bila kuombwa.

"Umetoka mbali, bwana," alisema.

Nilimwambia nimetoka Kenya na ninafuata wimbo. Hakushangaa. Alisema babu yake alikuwa na majirani kila nusu maili, na wote walikuja kucheza dansi Jumamosi. "Sasa shamba la familia kumi nalivuna mimi na mashine moja. Watoto wangu wako Denver na Wichita. Wanakuja Krismasi." Alitaja hayo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Sensa inamuunga mkono: mwaka 1900 kaunti hiyo ilikuwa na watu zaidi ya 16,000, na mwaka 2020 walibaki wapatao 3,600.

Kibanda ambamo maneno ya wimbo yaliandikwa kipo kaskazini mwa kijiji cha Athol, kando ya kijito cha West Beaver. Unaacha lami, unafuata njia ya changarawe, na chini ya mteremko unakiona: chumba kimoja cha magogo, kilichokarabatiwa mwaka 2014, mlango mmoja, miti ya kijito nyuma yake. Familia iliyokuwa ikimiliki shamba hilo ilikataa kukiuza kihamishiwe kwingine, ndiyo maana bado kinatazama maji yaleyale. Nilipitisha vidole kati ya magogo, pale palipozibwa kwa udongo na chokaa. Kwenye kona moja manyigu walikuwa wakijenga. Upepo haukunyamaza hata dakika moja, na ndani ya kibanda ulisikika kuliko nje, ukitafuta nyufa.

Aliyekijenga mwaka 1872 ni daktari Brewster Higley, mzaliwa wa Rutland, Ohio, mwaka 1823. Alikuwa amekaribia miaka hamsini, ameoa mara kadhaa na kuacha nyuma mengi ambayo ndugu zake walijua zaidi kuliko majirani zake wapya. Sheria ya Homestead ya mwaka 1862 iliahidi ekari 160 kwa yeyote atakayekaa na kulima kwa miaka mitano. Kwa mtu anayetaka kuanza upya, hapakuwa na mlango mpana kuliko huo. Aliandika shairi la beti sita kuhusu mahali hapa, akaliita "My Western Home", akalihifadhi. Inasimuliwa kwamba mgeni ndiye aliyelikuta karatasini na kumhimiza alipeleke gazetini. Limo bonde la Solomon kwa jina lake, na kijito cha Beaver. Kauboi hayumo. Ng'ombe hayumo. Wimbo huo maarufu wa wachunga ng'ombe uliandikwa na daktari mlowezi aliyekuwa akisifu kiwanja chake.

Shairi lilichapishwa katika gazeti la Smith County Pioneer, na gazeti la jirani, Kirwin Chief, likalitoa mwaka 1874. Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Februari 1876, Kirwin Chief lililichapisha tena, safari hii kwa hasira, ili kuthibitisha kwamba mtu aliyelituma kwa gazeti lingine la eneo hilo kama lake alikuwa ameliiba. Nilicheka niliposoma habari hizo. Wino haujakauka, na tayari kuna anayedai. Nasi twajua, kitu kikishapendwa na wengi hakikosi wenye kudai.

Sauti ya wimbo ilitoka kwa Daniel Kelley, seremala mzaliwa wa Rhode Island, mpiga fidla, rafiki wa daktari. Alipiga muziki na akina Harlan, shemeji zake, katika kijiji cha Gaylord kusini mwa kaunti. Niliendesha gari hadi Gaylord jioni moja. Mto Solomon hapo ni mwembamba na wa matope, umefichwa na miti ya cottonwood. Katika mji kama ule dansi ilikuwa ndiyo soko, kanisa na gazeti kwa pamoja: watu walisafiri nusu siku kwa gari la farasi kuja kucheza hadi alfajiri, na wimbo mpya wa Jumamosi hiyo ulilala Jumapili katika nyumba za vijiji vinne. Kundi la Harlan liliupeleka kila walikoalikwa. Wachunga ng'ombe, wawindaji wa nyati na wajenzi wa reli waliuokota hapo, na ukaondoka bila jina la mwenyewe.

Moanfeldt alimkuta Clarence Harlan akiwa hai, mzee wa zaidi ya miaka themanini, macho yakiwa yamefifia. Alimwomba aimbe alichokumbuka, na sauti yake ikanaswa. Mzee aliimba kama walivyopiga wakiwa vijana. Mahakama ikaitupilia mbali kesi ya Goodwin, wimbo ukawa wa kila mtu, redio zikarudia kuupiga, na mwaka 1947 jimbo la Kansas likaufanya wimbo wake rasmi.

Wakili alimaliza kazi yake hapo. Mimi nilibaki na jambo lililokuwa likinisumbua tangu kibandani. Tazama miaka. Daktari aliandika kuhusu nyati wanaotembea huru mwaka uleule ambao reli ya Santa Fe ilifika Dodge City, na ngozi za nyati zikaanza kusafirishwa kwa mamia ya maelfu. Wawindaji walichuna ngozi, wakaacha nyama ioze. Wanyama waliokuwa makumi ya mamilioni walibaki wapatao elfu moja tu kabla ya miaka ya 1880 kwisha. Na ekari 160 za bure hazikutoka mbinguni. Mkataba wa Medicine Lodge wa mwaka 1867 ulikuwa umewataka Wacheyenne, Waarapaho, Wakiowa na Wacomanche waondoke nchi hizi waende kusini. Wapawnee, waliokuwa na vijiji vyao Nebraska na kuwinda hadi mabonde haya, bado walikuwa wakishuka kila mwaka kutafuta nyati. Agosti 1873, msimu uleule wimbo ulipoanza kuchezwa, Wasioux waliwavamia wakiwa katika uwindaji huo kando ya mto Republican, wakawaua wengi, wakiwemo wanawake na watoto. Bonde hilo linaitwa Massacre Canyon hadi leo. Baada ya hapo Wapawnee walikubali, kama hilo laweza kuitwa kukubali, kuhamia Indian Territory, ambayo sasa ni Oklahoma.

Daktari hakuyaandika hayo. Hata hivyo, katika kitabu cha Lomax cha mwaka 1910 umo ubeti unaosema wazi kwamba wenyeji walisukumwa kutoka nchi hii na hawatarajiwi kurudi. Haumo katika beti sita za Higley. Uliongezwa njiani, pengine na watu waliokuwa wakilizunguka kundi usiku. Nikiusoma, namsikia mtu aliyeona barabarani kitu ambacho mwenye shamba hakuona kutoka mlangoni kwake.

Nilishuka kwa kufuata mto hadi kaunti ya Mitchell, kati ya Cawker City na Glen Elder. Huko nguzo za uzio ni za mawe. Miti ilikuwa haba, wakulima wakachimba mawe ya chokaa, wakayapasua kwa kabari na kuyasimamisha mashambani, na maelfu bado yamesimama, ya manjano, kila moja na alama za patasi. Mahali hapo palikuwa na chemchemi ya Waconda, dimbwi la maji ya chumvi juu ya kilima cha mawe kilichojengwa na maji yenyewe. Mataifa ya tambarare yaliliheshimu. Waliokuwa maadui walikutana hapo bila silaha na kutupa sadaka majini. Walowezi walijenga nyumba ya matibabu kando yake na kuuza maji kwenye chupa. Halafu katika miaka ya 1960 serikali ikajenga bwawa la Glen Elder kuzuia mafuriko, na chemchemi ikazama. Nilisimama ukingoni nikitazama ziwa tulivu ambamo watu walikuwa wakivua samaki na watoto wakiendesha mashua. Kuna mfano wa chemchemi umejengwa karibu na bwawa, wa ukubwa wa chumba. Mzazi mmoja alikuwa akimpiga mtoto wake picha mbele yake.

Na aliyeuandika wimbo? Aliondoka naye. Mwaka 1886 Higley aliihama Kansas, akaenda Arkansas na hatimaye Shawnee, Oklahoma. Alikufa huko mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya kitabu cha Lomax kutoka bila kumtaja. Kelley alikuwa ameshahamia Iowa, akafa Waterloo mwaka 1905, mwaka uleule ambao Goodwin walisajili wimbo wake kama wao. Nyati walimalizwa, Wapawnee walihamishwa, mpishi alibaki na baa kando ya reli mbali na njia alizozijua, na watoto wa mkulima wa Smith Center wako Denver. Sijui wimbo mwingine wa nyumbani ambao kila aliyeushika alikuwa njiani kuondoka. Nadhani hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo sababu hata sisi tulioishi ng'ambo ya bahari tuliusikia kama wetu: anayeimba haelezi alichonacho, anakiomba.

Kwa hiyo nilikwenda Oklahoma. Shawnee, ambako daktari amezikwa, unabeba jina la taifa jingine lililosukumwa kutoka mashariki. Sikukaa sana. Nilipanda kaskazini hadi mji wa Pawnee, makao makuu ya Taifa la Pawnee, kwa sababu nilikuwa nimesikia habari za mahindi.

Walipohamishwa katika miaka ya 1870, Wapawnee walibeba mbegu zao, mahindi ya aina nyingi waliyoyalima Nebraska kwa vizazi. Udongo na joto la Oklahoma viliyakataa. Mwaka baada ya mwaka yalipungua, hadi aina nyingine zikabaki punje chache ndani ya chupa, zikitunzwa na familia ambazo hazikuthubutu tena kuzipanda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Deb Echo-Hawk, mtunzaji wa mbegu wa Taifa la Pawnee, alianza kushirikiana na Ronnie O'Brien, mwalimu wa Kearney, Nebraska, mji ulio chini ya saa mbili kwa gari kaskazini mwa kibanda cha daktari. Punje zikasafirishwa kurudi. Majaribio ya mwanzo yalikwenda vibaya, kisha mahindi yakashika. Tangu hapo wakulima wa Nebraska, wengine wao wajukuu wa walowezi waliogawiwa ardhi ile, wanayapanda katika mashamba na bustani zao, na mavuno yanapelekwa Oklahoma kwa wenyewe.

Mwaka 2007 Roger Welsch alikwenda mbele zaidi. Alikuwa mwandishi na mkusanyaji wa ngano na nyimbo za walowezi wa Nebraska, mtu wa kazi ileile ya Lomax. Yeye na mkewe Linda walikuwa na shamba la ekari 60 hivi karibu na kijiji cha Dannebrog, katika nchi ya zamani ya Wapawnee. Wakawarudishia hati.